Mahindi ya Samadi Hayatoshi: Jibu kwa Kijana wa Mpeketoni

Kijana mmoja wa Mpeketoni ameniandikia juzi: "Shikamoo mama. Nalima mahindi kwa samadi tupu, na nimeambiwa yana lishe kuliko ya mbolea ya dukani. Mbona kuku wangu, ninaowalisha hayo mahindi na pumba, wanataga kwa kubahatisha? Na bei nzuri nitaipataje?"

Marahaba, mwanangu. Swali hilo umelileta kwa mwenyewe.

Mimi nalima mahindi na mtama huku Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, na mbolea ya chumvichumvi haikanyagi shambani kwangu. Nilipopata oda ya mayai ya hoteli moja ya ufuoni nilitembea kifua mbele: nafaka yangu, kuku wangu, kilimo hai mwanzo hadi mwisho. Basi mpishi akavunja yai moja mbele ya vijana wake, akalimimina kwenye bakuli jeupe. Kiini kikatulia pale, kimepauka, rangi ya maji ya ndimu. Akaniuliza kuku wangu wanaumwa nini. Vijana wakacheka. Na mwenye duka moja la vyakula vya mifugo, aliyekula pesa zangu miaka na miaka kabla sijaanza kujisagia mwenyewe, akazunguka akisema chakula cha yule mama ni makapi. Sitaficha, neno hilo bado linanikereketa.

La kiini lilikuwa jepesi. Manjano yake hutoka kwenye mahindi ya manjano na majani mabichi. Mahindi yetu meupe hayana rangi hiyo, hata uyamwagie samadi ya zizi zima. Nikaanza kuwakatia mchicha na majani ya mlonge kila asubuhi, kikakolea, na mpishi yule yule leo ndiye anayepiga simu mayai yakichelewa.

La makapi ndilo lililonipeleka maabara. Wale hupima nitrojeni, wakazidisha kwa 6.25, wakakuambia protini ni kiasi gani. Yangu ilitoka asilimia 8 na ushee, ambayo ni mahindi ya kawaida tu. Wala si makapi, wala si dawa. Tena nisikilize hapa, maana kuna wenzangu wa kilimo hai watakaonuna: nitrojeni nyingi shambani huongeza protini kwenye punje. Anayelima kwa samadi haba atarajie protini pungufu kidogo, si zaidi. Faida yetu iko kwenye udongo, kwenye kukwepa dawa za sumu na bei ya mbolea. Tusiihamishie mahali isipokuwepo.

Kuku wa kutaga anataka chakula chenye protini ya asilimia 16 au 17. Ukimpa mahindi na pumba peke yake, hata yawe yamelimwa na malaika, atataga kwa kubahatisha. Mimi kwa kila kilo 100 huchanganya mahindi yaliyoparazwa 60, mashudu ya alizeti 20, dagaa 10, makombe ya baharini yaliyopondwa 8, na zinazobaki ni chumvi kidogo na mchanganyiko wa vitamini na madini. Dagaa usizidishe, mayai yatanuka samaki. Mtama mwekundu mchungu nao uweke kidogo, ule ukakasi wake humzuia kuku kuifaidi protini.

Halafu protini si kitu kimoja; hujengwa na vipande vingi, laisini na methionini vikiwamo. Mahindi yana upungufu wa laisini, na methionini nayo haitoshi kwa kuku. Viwanda huongeza methionini ya kutengenezwa, lakini kanuni za kilimo hai, kama zile za Umoja wa Ulaya, zinaikataza. Dagaa wana zote mbili. Na simsim, mwanangu, ina methionini tele! Nyinyi wa Lamu mmekamua simsim tangu enzi za vinu vya ngamia, mashudu yake yako mlangoni kwenu, nawe unahangaika na pumba. Yatumie mahali pa sehemu ya alizeti.

Sasa kukausha, na hapa sina mzaha. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota kuvu yaliua watu 125 hapa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Sumu ile, aflatoksini, haiondoki kwa kupika wala kusaga. Haiulizi kama ulitumia samadi, na huku Pwani hewa yenyewe ni mbichi. Tia chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tia mahindi, tikisa, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, bado anika siku mbili tatu zaidi juu ya turubali, kwa sababu kipimo hicho kinakuambia tu kwamba unyevu uko chini ya asilimia 15, na ghalani tunataka 13. Yenye kuvu usimpe kuku, wala usimpe ng'ombe, maana sumu hupenya hadi kwenye maziwa. Wangapi nimewaona wakisema "hiyo ya mifugo tu"!

Umeniuliza pia kuhusu bei. Wanunuzi makini wataulizia alama ya Kilimohai, ile inayobandikwa bidhaa za kilimo hai, inayotegemea kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa kwanza mwaka 2007. Si lazima umlipe mkaguzi wa mbali peke yako. Mnaweza kujiunga kikundi mkakaguana wenyewe kwa utaratibu uliowekwa. Ila ukaguzi hauishii kwa kuku. Wataangalia na mashudu umeyanunua wapi, kwa hiyo anza leo kuweka risiti.