Jibu: Dawa kwanza au mazoezi ya kibofu?
Pole sana dada yangu. Umeuliza uanze dawa au mazoezi, maana mkojo unakubana kila nusu saa. Kwanza pima mkojo na sukari. Maambukizi na kisukari huleta hali hiyohiyo. Mimi nilianza na mazoezi: ukinibana nasimama tuli, nakaza misuli ya chini inayozuia mkojo mpaka ubanaji upite, kisha nasubiri dakika tano zaidi. Wiki ya sita nilipanda daladala Tanga hadi Muheza bila kumsimamisha dereva. Nilishuka machozi yakinitoka. Chai ya rangi nimepunguza, maji sikuacha. Oksibutinini, dawa ya kutuliza kibofu, nayo ilinisaidia, ila mdomo ulikauka na choo kikawa kigumu. Kama una presha, mwambie daktari kabla ya kutumia mirabegroni, dawa nyingine ya kibofu, maana huweza kuipandisha.