Nyumba ya mbao Kadutu, Bukavu, ninunue ama ningoje?

Ndugu, uko na dola elfu 8 na komisionere (dalali wa nyumba) anakusukuma uchukue ile ya vyumba vine upangishe. Mimi nilianza hivyohivyo, nikahesabu pesa ya nyumba ya miezi 12, kumbe chumba kimoja kilibaki bila mpangaji miezi mitatu na mpangaji mwingine akala garanti yake yote (pesa aliweka mbele ya kuingia), miezi 3, sheria ya Kongo ya 2015 haikubali kuomba zaidi, kisha akagoma kutoka. Hesabu miezi 9 tu. Tena nenda siku mvua inanyesha, angalia maji yanapita wapi na kama ukuta wa chini umepasuka, Bukavu udongo unateleza. Na moto! Mbao zimebanana, wa jirani ni wako. Kisha peleka namba ya parseli (kiwanja) kwa kadasta, ofisi ya kupima na kuandika viwanja, mbele utoe hata dola moja, karatasi ya shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) peke yake haitoshi.