Sindano ya kutoa kinyama, mara ya pili

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Sisi ni watu wa Langoni, Lamu. Mamangu ana miaka 58 na ana donge kwenye ziwa la kushoto, yapata miezi minne sasa. Kwenye kliniki moja walimdunga sindano nyembamba, jibu likaja "seli zenye shaka". Tukaenda Malindi, na huko wanataka kumdunga tena, safari hii kwa sindano kubwa ya kutoa kinyama. Wazee nyumbani wamekataa. Wanasema saratani ikiguswa na chuma hutawanyika, na jirani yetu alitobolewa, mwaka haukwisha akafariki. Mbona atobolewe mara mbili? Na kama ni lazima kukata, si wakate ziwa lote mara moja, yaishe? – Binti wa Langoni

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mpe mama pole zangu. Nianze na hilo la chuma, maana ndilo linalomweka nyumbani.

Nimepasua maziwa miaka 22, na neno hili nimelisikia Faza, nimelisikia Witu, na hata kwa mwalimu wa sayansi pale pale Malindi. Wazee wenu hawakulizua. Wanachokiona ni kweli: mtu ana donge lake, anapika, anakwenda arusini, akitobolewa tu, baada ya miezi amekwisha. Lakini tazama siku zilivyopangana. Wengi kwetu hufika kwa daktari ngozi imeshavutwa ndani na tezi za kwapani zimeshajaa. Sindano inaingia siku ile ile ugonjwa unapopata jina, basi lawama yote inaiangukia sindano. Saratani ya ziwa haingoji chuma ili isafiri. Ina mishipa ya limfu inayokwenda kwapani na ina mishipa ya damu, na huzitumia njia hizo yenyewe, bila kuguswa na mtu.

Sasa, sitakwambia kwamba sindano haisogezi hata seli moja. Husogeza. Mwaka 1999 ulichapishwa Marekani uchunguzi wa wanawake 352 waliopasuliwa baada ya kutolewa kinyama. Karibu thuluthi yao walikutwa na seli zilizosukumwa kwenye njia iliyopita sindano. Ukiishia hapo utaogopa. Lakini waliopasuliwa kabla ya siku 15 kupita, waliokutwa nazo walikuwa asilimia 42. Waliokaa zaidi ya siku 28, asilimia 15 tu. Kama seli zile zingekuwa zinaota, zingeonekana zaidi kadiri siku zinavyokwenda. Zinapungua, kwa hiyo nyingi hufa pale pale zilipoangukia. Zinazobaki, mara nyingi njia ile huondolewa pamoja na donge au hupigwa mionzi baadaye. Mimi mamangu mzazi ningempeleka adungwe bila kusita.

Kwa nini mara mbili? Sindano nyembamba hunyonya seli zilizoachana. Ni kama uletewe kifusi cha nyumba ya mawe ya Mkomani, kisha uulizwe milango ilikuwa wapi. Mawe utayatambua, ramani huioni. Sindano nene hutoa uzi wa nyama, mwembamba kama tambi, na ndani yake ukuta bado umesimama. Daktari wa patholojia, yule anayesoma kinyama kwa darubini, anaweza kuona kama seli mbaya zimo ndani ya mirija ya maziwa tu au zimeshavunja ukuta zikatoka nje. Jibu la "seli zenye shaka" si jibu la saratani. Kwa karatasi hiyo peke yake mimi sikati ziwa la mtu, na daktari atakayekubali kulikata, mkimbieni.

Kudungwa kwenyewe si kazi kubwa. Mama atapigwa ganzi, atasikia mlio kama wa stepla mara tatu, nne, labda sita, kisha pabanwe kwa mkono kama dakika 10. Patavilia damu kidogo, patapoa.

Hilo la kukata mara moja yaishe lilikuwa ndiyo desturi, tena kwa wakubwa. Mwaka 1974 Betty Ford, mke wa rais wa Marekani, alilazwa usingizi ili donge lake lipimwe. Lilipoonekana ni saratani, ziwa likaondolewa katika usingizi ule ule. Maelfu ya wanawake waliingia namna hiyo wasijue wataamkaje. Wenyewe ndio waliopiga kelele, na mwaka 1979 wataalamu wa huko wakakubaliana kwamba kupima kuwe siku yake na kupasua siku yake. Katikati hapo mgonjwa anaulizwa, anajibu.

Kisha mwaka 2002 zikatoka hesabu za miaka 20 za madaktari wapasuaji, Bernard Fisher kule Marekani na Umberto Veronesi kule Milan: kwa saratani iliyowahiwa, aliyetolewa donge tu kisha akapigwa mionzi aliishi sawa na aliyetolewa ziwa zima. Kwa hiyo mama, kama donge ni dogo, huenda ana hiari. Ila hiari hiyo ina nauli yake. Mionzi ni siku tano kwa wiki, kwa kawaida kama wiki tatu hadi tano, na mtu wa Lamu atahitaji pa kulala Mombasa muda wote huo. Nimewahi kuwa na mgonjwa aliyechagua kutolewa ziwa zima kwa sababu hakuwa na jamaa wa kumkaribisha mjini. Sikumlaumu. Nililaumu mambo mengine.

Sasa nikwambie kinachonikosesha usingizi kuliko sindano: chupa. Kinyama kikishatoka mwilini hakina damu tena, kinaanza kuharibika. Kinatakiwa kitiwe kwenye fomalini, dawa ya kukizuia kisioze, ya asilimia 10, kabla ya saa moja kupita, dawa iwe nyingi, kama mara kumi ya kinyama chenyewe, na kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya 72. Miaka kadhaa nyuma niliandikiwa jibu la mgonjwa aliyetoka mbali. Mahali alipotolewa kinyama fomalini ilikuwa imekwisha, wakakitia kwenye maji ya dripu, kikasafiri siku mbili kwa mashua na basi. Maabara ikaandika: kimeoza, hakisomeki. Yule mama akadungwa tena, na nyumbani kwao ikawa ushahidi kwamba madaktari wanamchezea.

Hata kikisomeka nusu nusu, hasara ipo. Kwenye kinyama hicho hutazamwa vitu vitatu ambavyo karatasi itaviandika ER, PR na HER2. Viwili vya kwanza ni vipokezi vya homoni. Vikiwepo, mama atakunywa kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Kwa umri wake huenda kikawa anastrozole au letrozole, wengine hupewa tamoxifen. Visipokuwepo, vidonge hivyo havina kazi kwake. HER2 ni protini ya seli; ikiwa nyingi, ipo dripu yake, trastuzumab. Kinyama kilichoharibika kinaweza kusema "hakuna" palipo na kitu, na mtu akanyimwa kidonge ambacho kingemlinda miaka.

Kwa hiyo siku hiyo uwe mkali kwa adabu. Uliza: hii ni fomalini? Jina la mama liandikwe kwenye mwili wa chupa. Kifuniko hubadilishana na kifuniko kingine mezani. Saa ya kutoa kinyama iandikwe. Kikitolewa Ijumaa mchana na maabara ikakipokea Jumatatu asubuhi, saa 72 zimekaribia kwisha, basi omba siku ya Jumatatu au Jumanne. Mama akiwa anatumia aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema, si akishalala kitandani.

Kombe la aya anywe, dua asomewe; sijawahi kuona dua ikigombana na sindano. Ninachokataa ni kuumikwa juu ya donge na dawa za kubandika. Nimepokea maziwa yaliyochimbika kwa dawa hizo, na kidonda kile hakina fundi mwepesi.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mgonjwa afike hospitalini au kliniki mara ya kwanza hadi ajue ana nini zisipite siku 60. Hesabu tangu ile kliniki ya kwanza uone mmebakiwa na ngapi. Kabla ya kwenda, ulizeni hapo Malindi usajili wa mama wa SHA, bima ya afya ya serikali, umekaa sawa, maana kipimo hiki kina bili ya kumtoa na bili ya maabara, na ya pili ndiyo watu huisahau.

Wazee wakiendelea kukataa, msigombane nao. Mimi hushuka Mokowe kila mwezi. Niiteni, nitakuja nikae nao barazani baada ya alasiri. Mama naye awepo, maana katika barua yako yote sijaona mahali alipoulizwa yeye anataka nini.