GPS ya kubeba: kabla hujatoa pesa, ndugu yangu, nisikilize

Jumamosi nilikuwa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nangoja upepo utulie, akaja kijana mmoja rubani, leseni yake ya urubani binafsi (PPL) haina hata mwezi, na tableti mpya kabisa imefungwa gotini, uso wote furaha. Nikamuuliza, hii iPad ni ya laini au ya WiFi tu? Akasema ya WiFi, ilikuwa bei nafuu kidogo. Roho ikaniuma. Tukaingia ndegeni, akawasha, na ile alama ya ndege kwenye ramani ikakataa kusogea. Akazima, akawasha tena, wapi. iPad ya WiFi pekee haina kipokezi cha GPS ndani, ile ya laini ndo inayo, hata kama hujaweka laini. Sebuleni ilimfanyia kazi kwa sababu ilikuwa inakisia mahali ilipo kwa WiFi za majirani, na juu ya nyanda za Athi hakuna majirani.

Huyo ni wa tatu namwona mwaka huu. Nawapenda nyinyi vijana, kweli kabisa, lakini mnanichosha, manake maswali haya mngeuliza kwenye banda lolote la ndege pale mngejibiwa bure. Basi naandika hapa mara moja.

1. Angalia data ya ndani ni ya kanda gani.

Hii ndo naiweka ya kwanza kwa sababu ilitaka kuniua, na si mimi peke yangu, nilikuwa nimebeba watu.

Enzi hizo nilikuwa na saa kama 90 hivi za kurusha ndege. Nikapata kifaa cha mtumba kutoka Marekani, cha anga hasa, skrini ya rangi, betri nzuri, bei karibu nusu. Sikuuliza kitu. Kumbe vifaa vile data yake inauzwa kwa kanda, kuna ya Amerika, kuna ya Atlantiki ambayo ndani yake ndo kuna Ulaya na Afrika, kuna ya Pasifiki. Changu kilikuwa na ya Amerika. Kilijua viwanja vya Kansas mpaka vya nyasi, lakini huku kwetu kilikuwa na mistari ya mipaka na barabara chache, basi. Wilson hakuna, Amboseli hakuna, na data ya miinuko ya ardhi hakuna, kwa hiyo ule ukurasa unaopaka rangi nyekundu mlima ukikukaribia kwangu ulikuwa mweupe tu siku zote. Nikajiambia si neno, pointi, yaani namba za mahali ninapokwenda, nitakuwa naandika mwenyewe kwa mkono.

Sasa kukawa na safari ya kwenda kiwanja cha rafiki yangu kaskazini ya Amboseli, mimi, mke wangu, na mzee mmoja mwenyeji wa Loitokitok aliyeomba lifti. Rafiki akanitumia mahali kwa meseji: 2.55 kusini, 37.25 mashariki. Kifaa changu kilikuwa kimewekwa digrii na dakika. Nikaandika digrii 2 dakika 55, digrii 37 dakika 25. Naomba urudie kusoma hapo. Digrii 2.55 ni digrii 2 na dakika 33, kwa sababu 0.55 unazidisha kwa 60. Na 37.25 ni 37 na dakika 15. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, kwa hiyo nilikuwa nimekisogeza kiwanja cha watu maili 22 kusini na kama 10 mashariki. Pale nilipokiweka ni ndani ya Tanzania, kwenye miguu ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, na Kibo yenyewe, kile kilele chake, iko mbele maili kama kumi tu.

Utauliza, hukuangalia mwelekeo? Niliangalia! Hapo ndo ubaya ulipo. Kutoka Wilson kwenda pointi ya kweli na kwenda pointi ya uongo tofauti ya mwelekeo ni digrii moja hivi. Moja. Nilikuwa nimechora mstari kwenye ramani ya karatasi, nikalinganisha na kifaa, nikaona vinapatana, nikaridhika. Umbali ndo sikulinganisha. Karatasi ilisema maili 78, kifaa kilisema 102, na namba hiyo ilikuwa pale kwenye skrini muda wote tangu injini iwake.

Tukaruka. Kajiado ikabaki kulia, hewa tulivu, futi 7,500. Karatasi yangu ilisema dakika 45, kifaa kinasema 58, nami nikajiambia leo upepo uko mbele. Upepo gani, na spidi ya ardhini iko palepale kwenye skrini inasoma maili 104 kwa saa vilevile nilivyopiga hesabu? Nimelifikiria hilo miaka mingi. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, nami nikaenda kutafuta sababu ya kukiamini kifaa.

Mawingu ya mlimani yalikuwa yamesimama kama ukuta. Chini tukapita kinamasi cha kijani, ndovu wanaonekana kabisa, na lile bonde jeupe la ziwa kavu liko kulia linarudi nyuma. Mzee akanigusa bega. "Kijana, hii ni Amboseli, si tumeshapita? Mbona tunaenda mlimani?" Nikamjibu, nakumbuka sauti yangu, mzee usijali, GPS inasema bado maili kumi na tatu. Akanyamaza kidogo, akasema pole pole, "Mimi nimechunga ng'ombe hapa."

Nilichukua dakika tatu nzima kukubali, zikabaki maili nane. Mzee aliyechunga ng'ombe pale upande mmoja, na namba niliyoiandika mwenyewe kwa kidole changu upande mwingine, nami nikaamini namba. Nilipogeuza, mpaka ulikuwa maili chache tu mbele, sina ruhusa ya Tanzania wala mpango wa safari wa kuvuka, ardhi inapanda, na ndani ya wingu lile kuna jiwe la futi 19,341. Kwa spidi ile, dakika kama kumi tu. Nikarudi Amboseli, nikatua, nikazima injini, mikono inatetemeka. Mke wangu hakusema neno mpaka jioni. Mzee nikamwomba msamaha pale pale kwenye vumbi, akanishika mkono, akasema wewe ni kijana msikivu. Sikuwa msikivu siku ile, yeye alikuwa mpole.

Kwa hiyo: mafuta yalikuwepo, hewa ilikuwa nzuri, satelaiti zilikuwa sawa. Zamani kabla ya Mei 2000 Wamarekani walikuwa wanaiharibu ishara ya raia makusudi, kosa likafika mita 100 hivi, wazee walikuwa na haki ya kuilaumu GPS. Siku hizi kosa la satelaiti ni mita chache, kosa la kidole ni maili 22. Ningekuwa na data ya kanda yetu, Amboseli ingekuwa imechorwa pale kwenye skrini, na pointi yangu ningeiona imekaa upande usiofaa kabla sijawasha injini. Nilitafuta unafuu, nusura niununue kwa roho za watu.

Basi ukiwa dukani, au unanunua kwa mtu, washa, tafuta viwanja vyetu kwa herufi zao: HKNW (Wilson), HKAM (Amboseli), tafuta Ukunda, tafuta HTAR (Arusha). Halafu fungua ukurasa wa miinuko uone mlima Longonot upo. Visipokuwepo, uliza gharama ya kubadilisha kanda na uijumlishe kwenye bei kabla hujapatana. Na kila pointi unayoandika kwa mkono, linganisha mwelekeo NA umbali, na hakikisha N (kaskazini) na S (kusini), sisi tunaishi juu ya ikweta bana, herufi moja ikikosewa Nanyuki inaruka upande wa pili bila wewe kushtuka kwa sababu ni maili chache tu, na zile chache ndo mbaya zaidi.

2. Usinunue hali ya hewa ya watu wengine. Vile vipokezi vinavyosifiwa kwenye video, vinaleta mvua na radi kwenye skrini kupitia mitambo ya redio ya ardhini (ADS-B) au redio ya satelaiti, huduma hizo ni za Marekani na jirani zake. Huku utabeba kifaa ghali ambacho upande wa hali ya hewa kimekaa kimya. Piga simu kule unakoenda, uliza wingu liko wapi.

3. Jua kali. Apple wenyewe wanasema iPad ni ya joto la mpaka nyuzi 35, sasa iweke juu ya dashi Magadi saa saba mchana uone. Inazima yenyewe. Kifaa cha anga chenye skrini ndogo kinavumilia zaidi, na skrini yake inasomeka juani, kwa hiyo kama pesa inatosha kimoja tu, mimi ningechukua hicho na ramani ya karatasi.

4. Umeme: ndege nyingine ni volti 14, nyingine 28, soma chaja yako kabla hujaichomeka.

5. Kava za sumaku ziwe mbali na dira. Mbali kabisa.

6. Data ya viwanja na anga inabadilika kila siku 28. Ila hata ikiwa mpya haijui kama kuna punda milia kwenye kiwanja, pita juu uangalie kwanza.

7. Futi za GPS si futi za altimita, ile saa ya ndege inayopima kimo kwa shinikizo la hewa. Siku ya joto zinapishana mia moja, mia mbili au zaidi, na wenzako wote hewani wanatumia altimita iliyowekwa kwa QNH, yaani shinikizo la hewa la siku hiyo, kwa hiyo ukishika kimo kwa GPS umejitenga nao. Juzi mwanafunzi mmoja alinibishia hapo mpaka mkufunzi wake akaja. Mkufunzi naye alikuwa upande wangu, nashukuru.

8. Jifunze ukiwa chini. Karibu vyote vina hali ya kuigiza safari, kaa nayo mezani jioni tatu, halafu jaribu kuandika pointi kwa mkono mmoja huku mtoto anakutikisa kiti. Kama huwezi, hewani hutaweza, tafuta chenye vitufe.

Yule kijana wa Jumamosi nimempa kipokezi changu cha zamani cha GPS cha bluetooth, kinaunganika na tableti yake vizuri na alama imeanza kusogea. Anarudisha mwisho wa mwezi. Nimemwambia anirudishie na karatasi ameandika digrii 2.55 ni dakika ngapi, bila simu.