Pointi zinatosha, uhandisi hapati

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: kijana wa Kidato cha Tatu anayetaka kuwa mhandisi apite njia ipi, na wengi hukwama wapi? Naanza na sehemu ya pili. Wengi hukwama kwenye Hisabati, na wapo wanaokwama wakiwa na pointi za kutosha mkononi.

Kima cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa mhitimu wa Kidato cha Sita ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye ufaulu wa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S ni nusu pointi, na si prinsipo. Sasa mchukue mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) mwenye C ya Kemia, D ya Fizikia na S ya Hisabati. Ana prinsipo mbili zenye pointi 5, na nyumbani watashangilia. Lakini kozi za uhandisi, ukiacha chache, hudai prinsipo ya Hisabati na ya Fizikia, kwa hiyo huyu hana sifa. Mwenzake mwenye D ya Hisabati, D ya Fizikia na S ya Kemia anaruhusiwa kuomba, ijapokuwa kozi zinazogombaniwa hatazipata, maana nafasi huanza kwa wenye alama za juu.

Mzizi wa tatizo uko Kidato cha Nne. Kule C ya NECTA (Baraza la Mitihani) huanzia alama 45. Mtoto anapata C ya Hisabati kwa 46, anapangiwa PCM, na kila mtu anaamini hesabu anaziweza. Alama hiyohiyo Kidato cha Sita ni E, na somo lenyewe limeshakuwa zito mara kadhaa. Nionavyo mimi, mwenye C ya kubahatisha asisubiri kuripoti Kidato cha Tano ndipo aanze kujisahihisha. Ile miezi ya kusubiri matokeo na uchaguzi aitumie kwa aljebra: kubadili kiini cha fomula, sehemu zenye herufi, vipeo, logi na utambulisho wa trigonometria. Ukisahihisha kazi za wanaofeli kalkulasi utaona hatua ya kutafuta derivativu mara nyingi iko sawa, kisha mtu anaharibu kwenye kurahisisha. Tuisheni ya kukaririsha majibu ya mitihani iliyopita hailiponyi hilo.

Fizikia ina mtego wake, nao ni mtihani wa vitendo, ambao ungepaswa kuwa alama za bure. Grafu huchorwa kwa skeli isiyosomeka (sentimita moja kwa vizio 3, kwa mfano), mteremko hutafutwa kwa pointi za jedwali badala ya pointi zilizo juu ya mstari wenyewe, pembetatu ya kukokotolea huwa ndogo kiasi kwamba kosa dogo la kusoma linageuka kubwa, na vizio husahaulika.

Kuhusu tahasusi: PCM hufungua kozi nyingi zaidi. PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) nayo ina masomo yale mawili, lakini baadhi ya kozi huangalia pia Kemia, angalau ya Kidato cha Nne, hivyo soma mwongozo wa TCU wa mwaka husika, kozi kwa kozi. PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) haifai kwa anayelenga ujenzi, umeme au mitambo, kwa kuwa BAM, ile Hisabati ndogo wanayosoma wa PCB, haihesabiwi kama prinsipo.

Ipo njia ya stashahada, ambayo wazazi huidharau bila sababu. Mwenye ufaulu mzuri wa sayansi Kidato cha Nne anaweza kwenda DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), Chuo cha Ufundi Arusha au MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), akasoma miaka 3 hadi NTA ngazi ya 6, ambayo ndiyo stashahada, kisha shahada miaka 4. Jumla ni 7, dhidi ya 6 za anayepitia Kidato cha Sita. Kwa mwaka mmoja wa ziada anatoka akiwa fundi sanifu anayeajirika hata kabla ya shahada. Tahadhari ni moja: kuingia shahada kunahitaji GPA (wastani wa alama) ya 3.0, na katika stashahada ufaulu wa kawaida uko chini ya hapo. Anayeridhika na "kupasi" amejifungia mlango mwenyewe. Wa njia hii karakana huwapa raha, ila hesabu za mwaka wa kwanza huwatesa.

Makaratasi nayo huangusha watu. Jina la cheti cha kuzaliwa lifanane na la vyeti vya NECTA, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa vizazi na vifo, kabla dirisha la HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, halijafunguliwa. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya muda uliopangwa, la sivyo nafasi inapotea.

Akishaingia, somo linaloshangaza wengi ni uchoraji wa kihandisi. Waliotoka shule za ufundi kama Ifunda, Moshi au Tanga hulipita kwa urahisi. Wengine hawajawahi kushika ti-skwea, ile rula ya kuchorea yenye umbo la T. Kosa la kawaida ni kuchanganya projeksheni (mpangilio wa mionekano ya kitu kwenye karatasi) ya pembe ya kwanza na ya tatu. Katika pembe ya kwanza, plani, yaani mwonekano wa juu, hukaa chini ya mwonekano wa mbele, na mwonekano wa kutoka kushoto huchorwa kulia. Anunue penseli za 2H na HB, bikari imara na seti skwea mbili, ajizoeze kwa vipande vya mbao kabla chuo hakijafunguliwa. Asipuuze kosiweki (alama za kazi na majaribio ya muhula) pia, maana anayeingia kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, na kosiweki mbovu huwa ameshaanza kuhesabu sapu, yaani mitihani ya marudio.

Kuhitimu hakumfanyi mtu mhandisi kamili. ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) humsajili kwanza kama mhandisi mhitimu, na mpango wake wa mafunzo kazini, SEAP, huchukua miaka 3 kabla ya usajili wa mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada popote, uliza kama ERB inaitambua kozi hiyo. Jina la kozi kuwa na neno "uhandisi" si jibu.