Kifafa: daktari anahitaji macho yako kabla ya mashine

Mgonjwa wa kifafa huwa hakumbuki alivyoanguka, na daktari hakuwepo. Aliyeona ni mama, mke, mwalimu au mfanyakazi mwenzake, na maelezo ya huyo ndiyo yanayotangulia vipimo vyote. Sasa, "alianguka akatoa povu" hayatoshi. Alikuwa amesimama au amelala? Alilalamika harufu ya ajabu, au kitu kupanda kutoka tumboni? Kichwa kiligeukia upande gani? Mkono upi ulianza kutikisika? Macho yalikuwa wazi? Ilidumu dakika ngapi, kwa kutazama saa, si kwa kukisia, na alichukua muda gani kujitambua? Mkiwa wawili, mmoja ahudumie, mwingine arekodi kwa simu, uso na mikono yote ionekane.

Maswali hayo si udadisi. Kutikisika kulikoanzia mkono mmoja kunaonyesha shambulio limeanzia sehemu moja ya ubongo. Aliyesimama muda mrefu akapauka, akatoka jasho, akaanguka na kutikisika sekunde chache, kisha akaamka akijua alipo, huenda alizimia tu, na hapo ni moyo na presha vinavyopaswa kupimwa. Aliyeng'ata ulimi pembeni akaamka amechanganyikiwa, misuli ikimuuma, huyo inaelekea ni kifafa. Yupo pia anayetikisika muda mrefu huku amefumba macho kwa nguvu. Mara nyingi hayo ni mashambulio ya kisaikolojia. Haigizi, ila dawa za kifafa hazitamsaidia.

Kwa kawaida huitwa kifafa baada ya mashambulio 2 yaliyopishana zaidi ya saa 24, bila chanzo cha papo hapo kama sukari kushuka, maambukizi ya ubongo au kuacha pombe ghafla. Moja tu laweza kutosha kama vipimo vinaonyesha hatari kubwa ya kurudia. Degedege la homa kwa mtoto mdogo ni suala lingine.

EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko yote. Inanasa kama nusu saa ya maisha ya mtu, kwa hiyo majibu safi hayafuti kifafa. Ikibidi hurudiwa baada ya kukesha, akiwa anasinzia. Mtoto anayeshukiwa kifafa cha kuzubaa unaweza kumjua hata bila mashine: mpe kipande cha karatasi akipulize mfululizo kwa dakika 3, mbele ya daktari. Mara nyingi hukatika katikati, macho yanaganda, kope zinapepesa, na baada ya sekunde kama 10 anaendelea kupuliza kana kwamba hakuna lililotokea. MRI, yaani picha ya ubongo, yenyewe hutafuta kovu, uvimbe au hitilafu ya kuzaliwa nayo.

Aina ya kifafa ndiyo inayochagua dawa, na hapa makosa huumiza. Karbamazepini ni nzuri kwa mashambulio yanayoanzia sehemu moja, lakini huzidisha kuzubaa na mishtuko ya ghafla ya mikono asubuhi. Pia hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Valproeti ni kali dhidi ya aina nyingi, ila humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba asianzishiwe kirahisi. Aliyekwisha kuitumia naye asiiache mwenyewe, awahi kwa daktari. Lamotrijini huanza polepole, kwa mtu mzima asiye na dawa nyingine miligramu 25 kwa siku wiki 2 za kwanza, kwa sababu ikipandishwa haraka inaweza kuleta upele hatari. Upele ukitokea, daktari siku hiyo hiyo.

Takriban wagonjwa 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila mashambulio wakitumia dawa ifaayo. Dawa 2 zilizochaguliwa na kutumiwa vizuri zikishindwa, omba rufaa kwa mtaalamu wa ubongo, upasuaji ujadiliwe. Usikubali kuongezewa kidonge cha nne kimyakimya. Ila kwanza ulizwe ukweli kuhusu dozi zilizorukwa, usiku wa kukesha na pombe.

Akianguka, ondoa vitu vikali, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimkandamize, usitie kijiko wala kidole mdomoni. Ulimi haumezwi, meno ndiyo huvunjika. Mitikisiko ikiisha, mlaze ubavu mate yatoke, wala usimpe maji mpaka azinduke kabisa. Ikizidi dakika 5, ikirudi kabla hajazinduka, akiwa mjamzito, ameangukia majini au ni mara ya kwanza, hospitali. Kama daktari aliwapa midazolamu, dawa ya kukatiza shambulio, ya kuweka kati ya fizi na shavu, dakika ya 5 ndiyo saa yake.

Nyumbani, ajimwagie maji akiwa ameketi, mlango wa bafu usifungwe kwa komeo, na asiogelee peke yake.

Swali la kuacha dawa huanza kuzungumzwa baada ya angalau miaka 2 bila shambulio. Dozi hupunguzwa kidogokidogo kwa miezi, dawa moja baada ya nyingine, na kipindi hicho chote gari aendeshe mtu mwingine.