Fundi Anajibu: Pikipiki ya mawe, ile haina siti

Toleo lililopita nilitaja kidogo tu kwamba kuna vijana nimewakuta na pikipiki za traiali, zile nyembamba hazina siti, wanapanda nazo mawe pale chini ya mlima Mlimwa hapa Dodoma. Kumbe ziko nyingi mtaani kuliko nilivyodhani, maana maswali yamekuja mpaka ya bodaboda nimeyaweka pembeni mwezi huu, mnisamehe.

Shikamoo fundi. Nimeachiwa traiali ya Beta Rev-3 na mzungu mmoja alikuwa anafanya kazi huku akarudi kwao. Asubuhi inawaka freshi kabisa, ila nikibana klachi nikaingiza gia inaruka mbele kama mbuzi kakanyagwa mkia halafu inazima. Juzi imenipeleka kwenye ukuta wa jirani. Fundi wa huku anasema giaboksi imekufa, anataka laki nne. Nimpe? (Msomaji, Nkuhungu)

Marahaba. Usimpe hata mia. Giaboksi yako nzima, ni pleti za klachi zimegandana tu. Ikilala usiku oili inakaa katikati ya pleti zinashikana kama chapati zilizopangwa zikiwa za moto, sasa asubuhi unabana mkono lakini ndani hakijaachia kitu. Beta zina huo ugonjwa sana. Kabla hujawasha, ingiza gia ya pili, bana klachi, sukuma pikipiki mbele nyuma mbele nyuma mpaka usikie imeachia na tairi linazunguka laini, ndo urudishe nyutro upige kiki. Dakika moja imeisha.

Ikiwa hata ikishapata moto bado inavuta, hapo angalia oili ya giaboksi. Nyumba hiyo ya oili ndo klachi inaogelea humo humo, kwa hiyo ukimwaga oili ya injini ya gari, hasa zile zilizowekewa dawa ya kupunguza msuguano, umejiharibia. Weka oili nyepesi ya pikipiki ya klachi inayolowana. Na kama bado, zitoe pleti uziangalie: pembeni ya vile vipande vya kusugulia mara nyingi kuna gundi ya kiwandani imezidi, imeziba vinjia vya oili. Unaikwangua taratibu na kisu kidogo, kazi ya kukaa chini na chai, halafu unarudisha kwa mpangilio ule ule uliozitoa.

Ila kuna kitu kimoja naomba unisikilize kabla hujagusa mkono wa klachi. Klachi hizi ni za maji, hazina waya kama bodaboda, na maji yenyewe siyo ya aina moja, kuna zinazotaka DOT 4 kama breki na kuna zinazotaka oili ya madini. Soma kifuniko cha kile kikopo kilicho kwenye mkono wa klachi. Mimi miaka hiyo nikiwa bado najifunza kwenye gereji ya mtu niliongeza DOT kwenye klachi ya oili ya madini, nikaona iko sawa, nikasifiwa na mwenye pikipiki akaondoka anacheka, baada ya siku chache raba za ndani zikavimba mkono ukawa haurudi, na spea yenyewe haikuwepo mji huu. Nilikatwa mshahara mpaka nikasahau nalipwa shilingi ngapi.

Fundi habari. Mi niko Chamwino. Yangu inatoa moshi kama tanuri la matofali, plagi inalowa kila siku na nguvu hakuna. Nachanganya oili kama nilivyoambiwa, moja kwa ishirini. Afu mbona DT ya bwana shamba wetu haichanganywi na haina shida?

Nianze na hiyo DT. Yamaha DT nayo ni tu-stroki kama yako, yaani injini inayochoma oili pamoja na petroli, ila ina tanki lake dogo la oili na pampu, inajichanganyia yenyewe. Traiali haina hiyo pampu, unachanganya mwenyewe kwenye dumu.

Moja kwa ishirini ni ya enzi za babu na oili za enzi hizo. Yaani lita 5 za petroli unaweka mililita 250, ndo maana unafukizia mbu mtaa mzima. Kwa oili nzuri ya kisasa ya tu-stroki, traiali nyingi zinatosheka na asilimia 1.5 hivi, kwa lita 5 ni mililita 75, ukiwa na wasiwasi weka 100 ambayo ni asilimia 2. Usipime kwa kifuniko. Nenda duka la dawa za mifugo nunua bomba la sindano kubwa, bei ndogo na linapima vizuri. Changanya kwenye dumu, tikisa, ndo umimine kwenye tanki. Kumimina oili kwenye tanki afu kuongeza petroli juu ni uvivu, oili inakaa chini inaenda yenyewe kwenye kabureta.

Baada ya hapo weka plagi mpya, maana ile iliyolowa wiki tatu hata ukiisugua itakusumbua, na fungua bomba la moshi uone masizi yaliyoganda. Huenda ikapona hapo hapo. Kama bado, kumbuka Dodoma tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na joto linaipunguza tena, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa Ulaya pwani huku inakula petroli nyingi kuliko hewa. Jeti, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta, weka ndogo zaidi kwa namba moja tu, jaribu, angalia plagi. Mtu anayebadilisha jeti, sindano ya kabureta na plagi siku moja hatajua kilichomponya.

Lakini wewe wa Chamwino mi nahisi kuna kitu kingine, hujaniambia mara ya mwisho kuosha eafilta ni lini. Vumbi letu mnalijua, kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua za Desemba ni poda nyekundu inapita hata kwenye dirisha lililofungwa. Ile sponji ikijaa, hewa haipiti, injini inalewa petroli. Hiyo ndo hali nafuu. Hali mbaya ni sponji iliyokauka haina oili, au imekaa upande, vumbi linapita moja kwa moja mpaka kwenye silinda na ringi zinaliwa kama zimepigwa msasa, na hapo huna moshi tena una bili. Kiangazi hiki mi naosha kila baada ya kutoka kucheza, siyo kila mwezi. Osha kwa mafuta ya taa kwanza, halafu maji ya sabuni, kamua kwa kubonyeza usiisokote kama deki itachanika, anika kivulini, ikikauka kabisa ipake oili ya filta mpaka iingie kote, kamua iliyozidi. Ukingo wake pale inapokaa paka grisi kidogo ili vumbi lisipite pembeni. Na ule mpira unaounganisha boksi na kabureta ukunje uangalie nyufa. Nimeshakuta filta safi inang'aa na mpira umepasuka nyuma yake, kazi bure.

Kaka fundi, mimi ni mwanafunzi hapa UDOM, msichana, tuko watatu tunashea traiali moja ya Gas Gas. Kwenye mawe inadunda kama mpira, inaniangusha. Kijana wa upepo aliweka PSI 30 mbele na nyuma.

Dada, kijana alikuwekea upepo wa kubeba gunia la mahindi. Kwenye mawe nyuma weka 4 au 5, mbele 6 au 7. Ndiyo, tano, hujasoma vibaya. Tairi la traiali ni laini, linatakiwa lilale juu ya jiwe lilishike kama kiganja. Geji za mtaani hazisomi chini namna hiyo, nunueni ya kwenu inayoishia 15 hivi, mkiwa watatu ni hela ndogo. Tairi la nyuma kwa kawaida ni tyubulesi na la mbele lina tyubu, na kwa miba ya migunga ya huko Ng'ong'ona tembeeni na kamba za kuzibia tyubulesi na tyubu ya akiba. Mkitaka kuiendesha lami kidogo ongezeni upepo kwanza, tairi laini kwenye lami linapata moto na linayumba. Na mkiosha msimpelekee yule wa mashine ya presha apige maji kwenye biaringi za nyuma na waya, ndoo na brashi vinatosha.

Feni haizunguki mchana na rejeta inachemka. (Kikuyu)

Nyingi hazina betri, feni inakula umeme wa injini, kwa hiyo usiijaribu ikiwa imezimwa. Iwashe, chomoa zile waya mbili za swichi ya joto kwenye rejeta, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe. Feni ikizunguka, swichi imekufa. Isipozunguka, tafuta kwenye feni au waya wake, mara nyingi matope yamekauka kwenye mapanga yake. Kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka ipoe.

Fundi, naweza kuipigia bodaboda Dodoma mpaka Kibaigwa ili irudishe hela yake?

Tanki lita mbili na nusu hivi, gia fupi za kupandia mawe, taa ya kubahatisha, siti hakuna. Abiria utamkalisha wapi bwana, kwenye tairi?